UZI: Kinywaji cha kimea kwa mfuko wa kitambaa, na namna maji ya visima vyetu yanavyokiharibu

Mwanzisha uzi

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na salamu kwa wote wanaotusoma.

Uzi huu ni wa kutengeneza nyumbani kinywaji cha kimea kwa sufuria moja na mfuko mmoja wa kitambaa. Njia hii ilienea kutoka Australia katika miaka ya 2000, ambako watengenezaji wa bia wa majumbani walitaka kuanzia kwenye nafaka yenyewe bila ya kununua mapipa matatu na mipira ya kuhamishia maji kutoka pipa moja hadi jengine. Waliitia nafaka yote ndani ya mfuko, wakautumbukiza mfuko katika sufuria ya maji ya moto, na muda ulipotimia wakaunyanyua na kubaki na maji matamu ya kimea. Hamira huja baadaye kabisa, wakati maji hayo yameshachemshwa na kupoa. Kwa hiyo anayetaka kinywaji kisicho na kilevi, cha kuwekwa mezani wakati wa futari au kupewa watoto wanaotoka skuli, anaifuata kazi ile ile hadi kwenye kuchemsha na kupoza, na hapo ndipo anapoishia. Uzi huu nao unaishia hapo.

Waliokulia katika nyumba ya kupikia nazi hawatauona mfuko huu kuwa kitu kigeni, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya kifumbu: tui linapita, machicha yanabaki.

Ninaandika kwa kirefu kwa sababu nimewaona watu wenye bidii wakikata tamaa. Mtu ananunua kimea, anashona mfuko mzuri, anapika, kisha anapata maji ya rangi ya chai yenye ukakasi unaokausha ulimi, na lawama zote anazitupia mfuko. Mfuko hauna kosa. Katika visiwa vyetu kinachoiharibu kazi hii ni mambo mawili, nayo ni joto linalokadiriwa kwa kidole na maji ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe. La pili ni zito kuliko la kwanza, na nitalifikia.

Nianze na joto. Punje ya shayiri imejaa wanga, na wanga hauna utamu. Inapoloweshwa na kuanza kuota, punje hutengeneza vimeng'enya vya kuukatakata wanga huo uwe sukari ya kulisha mche mchanga. Mtengeneza kimea huusimamisha uotaji kwa kuikausha punje taratibu kabla mche haujaimaliza akiba hiyo, na vimeng'enya hubaki vimelala ndani ya punje kavu. Ukiiparaza punje hiyo na kuitia katika maji ya moto, vinaamka na kuendelea na kazi yao. Viwili ndivyo vinavyotuhusu zaidi. Beta-amilesi hupenda nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi na hutoa sukari yenye utamu wa wazi. Alfa-amilesi hupenda nyuzi 68 hadi 72 na huacha vipande virefu zaidi ambavyo havina utamu mwingi lakini hukipa kinywaji uzito mdomoni. Kwa kinywaji kisichotiwa hamira mimi hupendelea nyuzi 66 kwa muda wa saa moja, kwani hapo vyote viwili vinafanya kazi. Maji yakifika nyuzi 80 vimeng'enya hivyo hufa kwa muda mfupi, na hakuna subira itakayovifufua. Ndiyo maana kipimajoto cha jikoni si anasa katika kazi hii.

Kwa lita 5 za kinywaji, kilo 1 ya kimea cha shayiri inatosha, na sukari itakayopatikana ni karibu asilimia 10. Maji ya kuanzia yawe lita 7, kwa kuwa nafaka hunywa sehemu yake na sehemu nyengine hupotea kwa mvuke. Yapashe moto hadi nyuzi 69, tandaza mfuko ndani ya sufuria na midomo yake ikunjwe kwa nje, kisha mimina nafaka kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko ili yasifanyike madonge. Nafaka yenye joto la chumba itayashusha maji kwa nyuzi mbili hadi tatu, nawe utakuwa umefika unapotaka. Zima gesi, funika, na uizungushie sufuria blanketi. Anayetumia seredani aiondoe sufuria kwenye makaa kabisa, kwa sababu makaa hayazimiki kwa amri.

Nafaka iparazwe, isisagwe ikawa unga. Katika mashine ya nafaka mwombe fundi aachanishe mawe mpaka kila punje itoke vipande vinne au zaidi na maganda yabaki yanaonekana. Mfuko unavumilia uparazaji laini kuliko mapipa ya viwandani, lakini unga mtupu hupenya kitambaa na kuyafanya maji kuwa uji.

Kuhusu maji nitaandika chapisho la peke yake hapa chini, kwani ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi.

Mchangiaji wa Wete

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Nimefurahi kwa maelezo. Swali langu ni la kitambaa. Nyumbani tuna vyandarua vipya tulivyogaiwa na hatuvitumii vyote. Matundu yake ni madogo na kitambaa ni chepesi. Je, haviwezi kushonwa mfuko?

Mwanzisha uzi

La hasha, kaka, na ninaomba kila anayesoma alizingatie jibu hili. Vyandarua vinavyogaiwa kwa ajili ya malaria vimetiwa kiuatilifu ndani ya nyuzi zake, na dawa hiyo imekusudiwa idumu hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Kuitumbukiza katika maji ya moto kwa saa moja na kisha kuyanywa maji hayo ni jambo lisilofaa kabisa. Hata chandarua kikuukuu kisitumike.

Kinachofaa ni poliesta nyepesi ya mapazia, ile ambayo ukiishika mbele ya dirisha unauona mwanga lakini huoni vizuri kilicho nyuma yake. Inavumilia maji yanayochemka, haivimbi, na haishiki harufu. Ifue kwa sabuni kidogo na kuichemsha mara moja kabla ya kuitumia. Kitambaa cha marekani, ambacho wengi watakikimbilia kwa kuwa ni cha pamba, kina tatizo jengine: nyuzi zake huvimba zikilowa, matundu yanajifunga, na maji hayashuki. Mfuko uwe mpana kama mdomo wa sufuria na uzidi kina chake kwa shubiri moja, kwa sababu nafaka iliyobanwa katika mfuko mdogo hubaki kavu katikati. Fundi cherehani apige mishono miwili kwa uzi wa poliesta, maana uzi wa pamba ndio unaokatika mwanzo.

Chini ya sufuria weka sahani ya chuma iliyopinduliwa, ili ukilazimika kuwasha moto tena kitambaa kisigusane na kitako na kuungua.

Mwanzisha uzi: kuhusu maji

Sasa nifikie maji. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa mashariki na kusini, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni mawe ya chokaa. Maji ya mvua yanaposhuka ndani ya mawe hayo huyayeyusha kidogo kidogo, na yanapofika kisimani yanakuwa yamebeba chokaa nyingi. Kila mwenye birika anaushuhuda wake: ni yale magamba meupe yanayoganda ndani. Pemba, yenye vilima, udongo mzito na vijito vingi, hali hubadilika baina ya kijiji na kijiji, kwa hiyo wa huko wapime wasikisie.

Chokaa hiyo iliyoyeyuka huyafanya maji yapinge ukali wa asidi. Kimea chenyewe kina asidi kidogo, na katika maji mepesi huushusha mchanganyiko hadi pH (kipimo cha asidi, ambacho namba ikishuka ukali huzidi) ya 5.2 mpaka 5.6, ambamo vimeng'enya hufanya kazi vizuri na maganda ya nafaka hutulia. Katika maji ya chokaa, mchanganyiko hugoma kushuka na unaweza kubaki karibu na 6. Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Vimeng'enya vinakuwa vivivu, hivyo sukari inayopatikana ni chache; na maganda yanaachia tanini, ile ile inayopatikana katika chai iliyokolea kupita kiasi. Huo ndio ukakasi wanaoulalamikia watu, na mtu akijaribu kuufunika kwa kuongeza sukari ya dukani anapata kinywaji kitamu chenye ukakasi.

Dawa yake haina gharama. Siku ya kabla, chemsha maji yako kwa dakika 15 bila kufunika, yaache yapoe na yatulie usiku kucha, kisha yamimine taratibu katika chombo chengine na uache chini ule ungaunga mweupe. Sehemu kubwa ya chokaa itakuwa imebaki pale. Kama maji yametiwa klorini, nayo hupungua kwa kuchemshwa. Asubuhi, baada ya kutia nafaka, kamulia kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, koroga, subiri dakika tano, na pima kwa karatasi za pH zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya maabara. Ikiwa bado ni juu ya 5.6, ongeza kijiko chengine. Ukwaju nao unafaa, lakini huleta rangi na ladha yake. Siki siipendi, kwani harufu yake haitoki yote.

Njia nyengine ni kuchanganya maji ya kisima na maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi baada ya mvua ya mwanzo kulisafisha paa. Nusu kwa nusu inatosha. Sishauri maji ya mvua matupu, kwa sababu kiasi kidogo cha kalisi, madini yaliyomo katika chokaa, huisaidia alfa-amilesi kuvumilia joto.

Wa pwani waangalie jambo la tatu. Kisima kilichoanza kuingiwa na maji ya bahari hakirekebishwi kwa kuchemsha, bali chumvi huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua. Maji hayo yasitumike kwa kazi hii.

Mchangiaji wa Mwanakwerekwe

Ahsante, Bi. Mimi nimefundishwa kwamba mfuko usikamuliwe hata kidogo, na kwamba ukakasi unatokana na kukamua. Nimekuwa nikiuacha uchuruzike wenyewe na ninapoteza zaidi ya bilauri tatu za maji matamu. Je, nilifundishwa vibaya?

Mwanzisha uzi

Wanaokataza wana nia njema, lakini sababu wanayoitoa si sahihi. Tanini haitolewi na mkono unaobana, hutolewa na maji yenye pH ya juu na joto kubwa. Kama mchanganyiko wako uko katika 5.2 hadi 5.6 na haujapita nyuzi 77, maji yaliyomo ndani ya mfuko ni yale yale yaliyomo ndani ya sufuria, na kuyakamua hakuyabadilishi. Kama maji yako ni ya chokaa, ukakasi umeshaingia kabla hujaugusa mfuko.

Kwa hiyo kamua. Saa moja ikitimia, washa moto mdogo huku ukikoroga hadi nyuzi 75, subiri dakika tano, kwani sukari ya moto ni nyepesi na hushuka kwa urahisi, kisha nyanyua mfuko, uweke juu ya chujio kubwa, na uukandamize kwa mfuniko wa sufuria. Kinachotoka baada ya kukamua kwa nguvu sana huwa na ungaunga, na hilo ni suala la sura tu.

Kabla ya kunyanyua ni vyema kuhakikisha kwamba wanga umekwisha. Chota kijiko cha maji bila maganda, kitie juu ya sahani nyeupe, na dondoshea tone la iodini ya dukani, ile ya kupaka vidonda. Rangi ikigeuka buluu iliyoiva hadi kukaribia nyeusi, wanga bado upo, na mfuko uendelee kukaa dakika 15 zaidi. Ikibaki ya hudhurungi, kazi imekwisha. Sampuli hiyo imwagwe na sahani ioshwe, isirudishwe sufuriani.

Mchangiaji wa Makunduchi

Huku kwetu wazee walikuwa wakilima mtama katika maweni, na mpaka sasa mtama na ulezi ni rahisi kupatikana kuliko kimea cha shayiri, ambacho lazima kiagizwe kutoka bara. Shayiri inayouzwa kwa ajili ya uji niliiroweka na haikuota hata punje moja. Naomba unieleze kama mtama unaweza kushika nafasi yake.

Mwanzisha uzi

Shayiri ya uji imekobolewa, na katika kukobolewa huko kiini chake hutoka au kuharibika, ndiyo maana haioti. Inafaa kwa uji na haifai kwa kimea.

Mtama unaweza, lakini una masharti mawili ambayo sitayapunguza. La kwanza ni la usalama. Mche mchanga wa mtama hubeba kemikali inayozalisha sayanidi, na sumu hiyo iko kwa wingi katika vijimizizi na machipukizi. Kwa hiyo mtama ulioota ukaushwe vyema, usuguliwe kwa mikono mpaka vijimizizi na machipukizi yote yatoke, upepetwe, na maji yake yachemshwe bila kufunika sufuria ili kinachobaki kiondoke na mvuke. Mimi nikiwa na hiari ninautumia mtama usioota kwa wanga wake, na kimea ninakichukua kwenye ulezi, ambao tangu zamani bara wanautumia kuotesha kwa ajili ya togwa.

La pili ni la joto. Wanga wa shayiri hulainika na kuvimba chini ya nyuzi 65, lakini wanga wa mtama hungoja hadi karibu nyuzi 70 na zaidi. Ukiutia mtama katika maji ya nyuzi 66, vimeng'enya viko tayari na wanga bado umefungwa, navyo vitakaa bure kwa saa nzima. Fanya kama wapikaji wa togwa wanavyofanya. Pika mtama ulioparazwa katika maji yote hadi uwe uji mwepesi ulioiva, uache upoe hadi nyuzi 66, ndipo utie kimea cha ulezi kisichopungua theluthi moja ya nafaka yote. Baada ya nusu saa utauona uji mzito unakuwa maji, na huo ni mmoja wa mandhari ninayoyapenda sana katika jiko. Hapo umimine ndani ya mfuko. Mtama hauna maganda ya kuchujia kama shayiri, kwa hiyo maji yatachuruzika polepole na mfuko utahitaji kukandamizwa mara kwa mara.

Kuotesha ulezi: rowesha kwa usiku mmoja na mchana wake huku ukibadilisha maji, tandaza juu ya gunia safi lenye unyevu, geuza kutwa mara mbili, na usimamishe siku ya tatu kwa kuanika juani. Wakati wa masika usioteshe kama huna pa kukaushia. Nafaka mbichi katika unyevunyevu wetu hushika ukungu haraka, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Punje zikinuka uvundo, zitupwe zote.

Mchangiaji wa Chake Chake

Mimi nina karafuu zangu mwenyewe na nilitia kiganja kizima. Familia ilikataa kunywa. Nitie ngapi na wakati gani?

Mwanzisha uzi

Karafuu nne kwa lita 5, ndugu yangu, na zitiwe dakika tano za mwisho. Mafuta ya karafuu yana ujenoli kwa wingi, na ikizidi inautia ulimi ganzi kama dawa ya meno. Maji ya kimea yachemke dakika 45, bila kufunikwa, huku povu la mwanzo likienguliwa kwa upawa. Mabonge yatakayoonekana yakielea ni protini zilizoganda na zitabaki chini ukichuja. Tangawizi iliyopondwa inaweza kuanza mapema, dakika 20 za mwisho. Hiliki na mchaichai zitiwe moto unapozimwa. Watengenezaji wa bia hutia maua ya hopsi ili uchungu wake uukate utamu, na sisi tunaupunguza utamu kwa ganda la ndimu lililokwaruzwa, bila ile sehemu nyeupe.

Mchangiaji wa Michenzani

Nashukuru kwa elimu hii. Naongeza jambo moja la muda. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiroweshewa zabibu na kuinywa nabidhi yake siku hiyo, ya pili, hadi jioni ya siku ya tatu, na baada ya hapo haikunywewa naye tena. Kwa joto la nyumba zetu, kinywaji cha kimea kinaweza kuwekwa muda gani kabla ya kuingia shaka?

Mwanzisha uzi

Maalim, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Jibu langu ni la jiko tu, hukumu ni yenu wenye elimu. Hamira za porini zimo hewani na katika vyombo, na maji yenye sukari yakiachwa katika joto la nyuzi 30 yanaweza kuanza kutoa viputo ndani ya siku moja. Kwa hiyo kipozwe haraka, sufuria ikiwekwa ndani ya karai la maji yenye barafu, kitiwe katika chupa zilizomwagiwa maji ya moto, na kiingie katika friji yenye nyuzi 4 siku hiyo hiyo. Kinywewe ndani ya siku mbili. Kikitoa viputo, au kikilia kinapofunguliwa ilhali hukukitia gesi, kimwagwe.

Kuna hatari nyengine isiyohusiana na kilevi. Maji ya kimea hayana asidi ya kutosha kuzuia bakteria wa sumu ya botulini, ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa na hustawi katika chombo kisichopitisha hewa. Chupa iliyofungwa na kuachwa kabatini, hata kama haijavimba, si salama. Anayetaka kuweka akiba agandishe katika friza, na anayetaka kinywaji chenye gesi achanganye na maji ya soda ndani ya bilauri wakati wa kunywa.

Mchangiaji wa Wete

Swali la mwisho kutoka kwangu. Tuna harusi na tungependa lita 20. Je, ni kuzidisha kila kitu kwa nne?

Mwanzisha uzi

Kimea ndiyo, kilo 4. Maji hayazidishwi hivyo, kwa sababu sufuria kubwa haipotezi mvuke kwa kiwango kile kile. Anza na lita 25, uyapashe hadi nyuzi 69, na weka akiba ya lita 2 yaliyochemshwa pembeni ili ujazie mwishoni. Karafuu ziwe kumi na mbili tu.

Mfuko ukishanyonya maji utakuwa na uzito wa kilo 8 au zaidi, tena wa moto, kwa hiyo usinyanyuliwe kwa mikono. Funga kamba imara kwenye boriti au mti ulio juu ya jiko, nyanyua polepole watu wawili, na watoto wawe mbali. Uache uning'inie dakika kumi, kisha ukamuliwe kwa glavu nene. Machicha yake yakiwa bado na uvuguvugu wapewe kuku na mbuzi siku hiyo hiyo, kwani yakilala huchacha, na kikombe kimoja kinaweza kuzuiliwa kikakandwa ndani ya unga wa mkate wa asubuhi. Mfuko upinduliwe, usuuzwe kwa maji matupu, na uanikwe kivulini mpaka ukauke kabisa kabla ya kukunjwa.

Pima pH ya mchanganyiko wa nafaka na maji yenu ya Wete kabla ya siku ya harusi, kaka, kwa lita chache tu, na uniandikie hapa namba utakayoipata.